Jaza upepo tairi tano, si nne: matayarisho ya pancha na gari kuharibika njiani

Safari nyingi za watu wa Pwani ni za familia. Kuna harusi Malindi, matanga Voi, Maulidi Lamu, au mtoto anapelekwa shule bara. Gari hukaguliwa mafuta na kuoshwa, mizigo ikapangwa, halafu chini ya mizigo hiyo tairi la spea limelala mwaka mzima bila kuguswa. Siku ya pancha ndipo hujulikana kwamba halina upepo.

Pancha yenyewe ni kazi ya nusu saa. Hatari iko katika muda ambao watu hukaa kando ya barabara, khasa usiku, malori na mabasi yakipita kwa kasi. Kila kinachotayarishwa nyumbani hupunguza muda huo.

Ijue spea yako

Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, na spea zake ni za aina tatu.

Ya kwanza ni tairi kamili, sawa na mengine manne. Ya pili ni tairi jembamba la muda. Hili huandikwa ubavuni mwendo wa mwisho, mara nyingi kilomita 80 kwa saa, na huhitaji upepo mwingi: kwa kawaida psi 60, ilhali tairi za kawaida za gari dogo huwa kati ya 30 na 35. Ukimwambia kijana wa upepo aliweke sawa na mengine, umeliacha na nusu. Tairi hili ni la kukufikisha kwa fundi wa pancha aliye karibu. Halifai kutoka Mombasa hadi Nairobi.

Ya tatu ni kutokuwa na spea kabisa. Badala yake kuna chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo ya umeme. Dawa hiyo huziba tundu dogo la msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Tairi likichanika ubavuni, haisaidii kitu. Pia dawa huharibika kwa umri, basi soma tarehe iliyo kwenye chupa. Mwenye gari la namna hii na anayesafiri mbali, heri anunue spea.

Angalia pia umri wa tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama haujatembea, na joto letu huharakisha. Tairi lenye nyufa ndogo ubavuni si la kuaminiwa, hata likiwa na meno yote.

Vifaa vya kubeba

* Jeki na spana ya nati za gurudumu. Hakikisha spana inaingia kwenye nati za gari hilo.
* Ufunguo wa nati ya kufuli. Baadhi ya magari huwa na nati moja katika kila gurudumu isiyofunguka kwa spana ya kawaida. Ufunguo wake ukipotea, hata fundi atataabika.
* Kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Kando ya barabara zetu pana mchanga, na jeki huzama.
* Pembetatu mbili za onyo, zile tuitazo laifseva. Sheria yataka gari liwe nazo, lakini kazi yake kubwa ni kumwonya dereva anayekuja nyuma yako.
* Tochi yenye betri nzima, fulana ya kung'aa, glavu, na kipimo cha upepo.
* Maji ya kunywa na lita tano nyingine kwa ajili ya rejeta. Yawe maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi vya Pwani vina maji ya chumvi, na chumvi hula chuma.
* Chaja ya simu ya gari, na nambari za fundi wako na za bima. Bima nyingine kubwa zina huduma ya kuvutwa gari. Uliza kabla ya safari kama yako inayo na ni ya kiasi gani.

Kisha fanya jaribio moja nyumbani. Legeza nati za kila gurudumu kwa spana ya gari, halafu uzikaze tena. Hewa ya bahari huleta kutu, na nati iliyokazwa kwa mashine ya karakana huweza kukataa mkono wa mtu. Heri kulijua hilo ukiwa Kisauni au Ukunda kuliko ukiwa Taru saa tatu usiku.

Likitokea njiani

Tairi likipasuka kwenye mwendo, shika usukani kwa mikono miwili na uliweke gari katika mstari wake. Usikanyage breki kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, liache lipunguze mwendo lenyewe, kisha liondoe barabarani polepole. Kuharibu rimu kwa kusogea mita mia hadi pahali tambarare ni hasara ndogo kuliko kusimama kwenye kona.

Gari likisimama, fuata mpango huu:

1. Washa taa za dharura, vuta breki ya mkono, na weka gia kwenye P, au gia ya kwanza kwa gari la gia za mkono.
2. Toa abiria wote kupitia mlango ulio mbali na magari. Wasimame mbali na barabara. Watoto na wazee wasiachwe ndani, na mtu asisimame nyuma ya gari.
3. Weka pembetatu nyuma na mbele, angalau hatua 50 kutoka garini. Karibu na kona au mteremko, ongeza.
4. Zuia kwa jiwe gurudumu la upande wa pili wa lile lenye pancha.
5. Legeza nati kidogo kabla ya kuinua gari. Ukiinua kwanza, gurudumu litazunguka.
6. Inua kwa jeki mahali palipowekwa alama chini ya gari. Usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki pekee.
7. Vaa spea, kaza nati kidogo, shusha gari, kisha zikaze sawasawa kwa kurukaruka: nati moja, halafu ya upande wa pili.
8. Baada ya kilomita 50 hivi, simama uzikaze tena.

Kabla ya kuondoka, okota mawe na matawi uliyoweka barabarani. Wengi wetu huyatumia kama onyo kisha tukayaacha. Jiwe ulilolisahau usiku ndilo litakalomwangusha mwendesha boda anayekuja nyuma yako.

Injini ikichemka

Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi na utafute pa kusimama. Zima injini na usubiri angalau nusu saa. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto: maji yaliyo ndani yamebanwa, na yatakurukia usoni. Ikipoa, fungua kidogo kidogo kwa kitambaa, jaza maji, na uangalie kama yanavuja au kama mkanda umekatika. Ukiwa umekatika, usiendelee. Ita gari la kuvuta.

Njia zinazotaka hadhari zaidi

Kutoka Voi hadi Mtito Andei, barabara ya Nairobi hupita kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hapo abiria wasiingie vichakani, hata kwa haja ndogo. Wasimame nje ya barabara, karibu na gari.

Barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe sasa ina lami, lakini imewahi kushambuliwa, na kuna vizuizi vya polisi. Ipite mchana, tena mapema. Msimu wa mvua, uliza hali ya Mto Tana kabla ya kuondoka. Ukiharibikiwa huko, mwachie dereva anayepita ujumbe aufikishe kwenye kizuizi kilicho mbele.

Popote ulipo, nambari za dharura ni 999 na 112. Ukipiga, taja mji uliopita mwisho na upande unaoelekea. Kwa hiyo zoea kusoma vibao vya kilomita unapoendesha.

Jioni ya kuamkia safari, pitia kituo cha mafuta tairi zikiwa hazijapata moto wa mwendo mrefu, ufungue buti, utoe mizigo, na umwambie kijana wa upepo kwamba leo ni tairi tano.