Bei ya Ukuta: Historia Fupi ya Ulinzi wa Kumbukumbu katika Viini vya Mifumo Endeshi

Ulinzi wa kumbukumbu ni ule ukuta unaoizuia programu moja kusoma au kuharibu kumbukumbu ya programu nyingine, au ya kiini cha mfumo endeshi chenyewe. Katika mijadala ya kitaalamu, ukuta huu huzungumzwa kana kwamba una bei moja isiyobadilika. Makala haya yanadai kwamba bei hiyo ni zao la historia: hupangwa na maamuzi ya wasanifu, na baadhi ya maamuzi hayo huja kulipiwa na watu ambao hawakuwapo yalipofanywa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Kompyuta ya Atlas, iliyozinduliwa Manchester mwaka 1962, iliigawa kumbukumbu katika kurasa. Mradi wa Multics, ulioanza nchini Marekani katikati ya miaka ya 1960, ukaongeza duara za mamlaka zinazokitenga kiini na programu za kawaida. Kompyuta binafsi zilipokuja, ukuta uliachwa. MS-DOS haikuwa nao, wala Macintosh ya mwaka 1984. Wateja wa kawaida wa Apple waliupata kikamilifu ilipotolewa Mac OS X mwaka 2001. Muda huo wote kosa la programu moja liliweza kuiangusha mashine nzima, na watumiaji wakazoea kuiwasha upya kama vile ndivyo kompyuta zilivyo.

Walioukubali ukuta walitofautiana kuhusu mahali pa kuupitisha. Wafuasi wa viini vidogo walitaka huduma nyingi, kama vile za faili na mtandao, zikae nje ya kiini, kila moja nyuma ya ukuta wake. Mach, kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilikuwa mfano wao mkuu. Lakini kila ombi lililovuka ukuta lilihitaji ujumbe, na ujumbe wa Mach ulikuwa mzito. Mwaka 1992 Andrew Tanenbaum alipotangaza kwamba Linux, yenye kiini kimoja kikubwa, imepitwa na wakati, Linus Torvalds alimjibu kwa ukali. Na kwa vipimo vya siku zile, kasi ilikuwa upande wa Torvalds. Aliyevuruga hitimisho hilo ni Jochen Liedtke wa Ujerumani. Mwaka 1993 alionyesha kwamba uzito ulitokana na namna Mach kilivyojengwa: kwenye prosesa ya 486, kiini chake kilipitisha ujumbe mfupi kwa takriban sehemu moja ya ishirini ya muda uliotumiwa na Mach. Mwaka 1997, Linux iliyoendeshwa juu ya kiini chake cha L4 ilipoteza asilimia 5 hivi tu ya uwezo wake katika kipimo cha AIM. Dhana nzima ilikuwa imehukumiwa kwa udhaifu wa utekelezaji mmoja.

Microsoft walifuata njia nyingine. Windows NT 3.1 ya mwaka 1993 iliweka shughuli za madirisha na michoro katika mchakato ulio nje ya kiini. Mwaka 1996, katika NT 4.0, shughuli hizo ziliingizwa ndani. Kasi ilitafutwa na kasi ilipatikana.

Deni lilidaiwa Januari 2018. Kwa miaka mingi Linux na Windows ziliweka kurasa za kiini ndani ya jedwali la kurasa la kila mchakato, zikiwa na alama ya kuwazuia watumiaji. Programu ilipoomba huduma, prosesa haikuhitaji kubadili jedwali wala kufuta akiba yake ya tafsiri za anwani. Dosari iliyoitwa Meltdown ilidhihirisha kwamba prosesa nyingi za Intel husoma data kabla zuio la alama halijafanya kazi, na kuacha nyayo zinazoweza kufuatwa. Tiba, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Graz, Austria, ilikuwa kutenganisha jedwali la kiini na la mtumiaji. Programu inayopiga hesabu tu haikuathirika sana. Hifadhidata na seva zinazokiita kiini mara kwa mara ziliathirika zaidi. Brendan Gregg, aliyekuwa Netflix, alikadiria hasara ya asilimia 0.1 hadi 6 kwa kazi za kampuni hiyo.

Ni nadra kutajwa kwamba utengano huo haukuwa mpya. Red Hat Enterprise Linux 3 ya mwaka 2003 ilikuwa na kiini cha aina hiyo kwa mashine za biti 32 zenye kumbukumbu kubwa. Shida ya wakati ule ilikuwa nafasi, usalama haukufikiriwa, na mashine za biti 64 zilipoenea mpango ukaachwa kwa sababu ya uzito wake.

Microsoft nao walieleza Januari hiyo kwamba Windows 10 kwenye prosesa mpya ingepungua kasi kidogo, ilhali watumiaji wengi wa Windows 7 na 8 kwenye prosesa za mwaka 2015 au kabla yake wangeona tofauti. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kwamba matoleo ya zamani huvuka ukuta mara nyingi mno, kwa kuwa uchoraji wote wa herufi hufanyika ndani ya kiini. Mzizi wa mpangilio huo unafika hadi NT 4.0.

Intel ilirekebisha dosari katika prosesa zilizofuata, na Linux haiwashi utengano inapokuta prosesa isiyoathirika, zikiwemo za AMD. Bei imebaki kwa wenye mashine za zamani, wakiwemo shule, zahanati na ofisi za umma zinazopokea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Zabuni inayotaja ukubwa wa diski na kumbukumbu bila kutaja kizazi cha prosesa na toleo la mfumo endeshi huiacha bei hiyo nje ya hesabu, na vipimo vya kasi vilivyochapishwa kabla ya 2018 haviwezi kuionyesha.