Sombe: Jani Lililoshinda kwa Kinu

Wanaosimulia safari ya muhogo husimulia mzizi tu. Wareno waliutoa Brazili wakauleta pwani ya Kongo katika karne ya 16, ukapanda na mto kutoka mkono hadi mkono, na baadaye utawala wa Wabeljiji ukahimiza ulimwe kuwa akiba ya njaa. Jani limesahauliwa. Hata hivyo, kuanzia Barumbu hadi masoko ya Kisangani, mboga ya kila siku ni sombe, au pondu kwa wanaosema Kilingala. Hakuna amri iliyowafanya watu waipende. Ni kazi ya kinu iliyofanya hivyo, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake.

Ukitaka ushahidi, anza na sumu. Jani la muhogo lina sianidi iliyofungwa ndani yake; kulitwanga kunaifungua, na kulichemsha muda mrefu kunaiondoa. Katika jimbo la Pará, Brazili, jani hilohilo hupikwa siku kadhaa mfululizo kabla ya kuliwa katika maniçoba. Kwa mchi, chungu cha Kongo huiva kwa saa chache. Mtu atauliza: je, si Waungwana, watu wa misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, waliojikita kwenye maporomoko ya Kisangani katika miaka ya 1880, walioleta upishi huu kutoka pwani ya mashariki, ambako jani hilo huitwa kisamvu na hupikwa kwa nazi? Ni kweli kwamba waliacha Kiswahili nyuma yao, na wali unaoliwa na sombe una deni kwao. Kusema kwamba sombe ya Tshopo, jimbo la Kisangani, hutiwa mafuta ya mawese badala ya nazi si jibu, maana mpishi hutumia kilichopo. Jibu liko magharibi: Wakongo wa karibu na bahari ya Atlantiki, ambako misafara ya Waungwana haikufika, hutwanga jani hilo pia na kuliita saka-saka. Nako Madagaska lipo, kwa jina la ravitoto, likipikwa na nyama ya nguruwe. Jiko moja haliwezi kudai kuwa mama wa yote haya.

Tena mawese yana historia yake. Barumbu, kando ya mto upande wa Basoko, palikuwa na mashamba ya serikali ya kikoloni, na tangu 1933 taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, ilikuwa na makao yake ya utafiti Yangambi. Huko, mwaka 1941, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba mchikichi wa tenera, wenye kokwa ya gamba jembamba na nyama nyingi ya mafuta, ni mtoto wa aina mbili za mchikichi, dura na pisifera. Ugunduzi huo ulilengwa kwa viwanda na meli. Chungu cha sombe kilifaidika kwa bahati tu. Mafuta yalipata wataalamu na maabara. Jani lilibaki na mama na mchi wake, na ladha haikupungua.

Mwingine atasema ni njaa iliyofundisha watu, si mapenzi. Njaa humfanya mtu ale jani. Haimfanyi achague machanga, ayatwange hadi yalainike, ayaongezee vitunguu, mawese na makayabo, yaani samaki wa chumvi, kisha ayapakulie wageni wa harusi. Kuna pia pingamizi la konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, Kongo. Lakini konzo hufuata mzizi mchungu usioandaliwa vizuri, kwa watu wanaokosa protini. Na protini, ambayo mzizi unayo kidogo mno, jani linayo kwa wingi. Aliyetwanga sombe alikuwa akiziba pengo ambalo wahimizaji wa mzizi waliliacha wazi. Leo sombe iliyokwisha kutwangwa huuzwa ikiwa imegandishwa hata katika maduka ya mtaa wa Matonge, Brussels, na anayeinunua bado hutafuta mawese kabla ya kuwasha jiko.