Samaki Aliyetoweka Akarudi

Msomaji, ikiwa umepata kusimama kando ya hori la Mtwapa au la Mida wakati wa maji kujaa, umeona jinsi bahari inavyoingia ndani ya nchi kavu, ikipita baina ya mikoko, na jinsi samaki wanavyoyafuata maji hayo kutafuta chakula. Mahali pa namna hiyo ni ghala. Watu wa pwani zote za ulimwengu walilijua jambo hilo tangu kale, na kila watu walilifungua ghala lao kwa namna yao: hawa kwa wavu, hawa kwa dema, hawa kwa mshipi na ndoana. Lakini ghala lisilo na mlinzi huisha. Natutazame basi ghuba moja ya mbali, tuone jinsi ghala lake lilivyojaa, likakaribia kuwa tupu, kisha likajaa tena.

Ghuba hiyo ni Chesapeake, katika majimbo ya Maryland na Virginia, mashariki ya Marekani. Urefu wake ni kadiri ya maili 200, na mito mingi humwaga maji yake humo, hata maji matamu na maji ya chumvi yakachanganyika. Samaki wake mashuhuri ni samaki wa milia, mwenye rangi ya fedha na mistari myeusi ubavuni. Huyu huishi baharini, lakini kila mwaka, baridi ikiisha, hupanda mitoni kutaga mayai. Mwaka 1891, huko North Carolina, walivuliwa wakubwa hata wa ratili 125.

Wenyeji wa asili wa ghuba hiyo walivua kwa nyuzio za fito, mfano wa nyuzio za wavuvi wetu. Mwaka 1608 akaja Mwingereza, Kapteni John Smith, kuipeleleza ghuba kwa mashua. Samaki walikuwa wengi mno, hata yeye na watu wake wakajaribu kuwateka kwa kikaango. Wakagundua upesi kwamba kikaango ni chombo cha kupikia, si cha kuvulia. Baadaye Smith alimchoma taa kwa upanga wake, na taa yule akampiga mwiba mkononi. Uvimbe ulikuwa mkubwa hata wenzake wakamchimbia kaburi. Lakini jioni ilipofika alikuwa amepata nafuu, akamla yule taa. Rasi ile ingali inaitwa kwa jina la samaki huyo.

Usidhani kwamba Wazungu wale wa kwanza hawakujua thamani ya samaki wa milia. Mwaka 1639 koloni la Massachusetts lilipiga marufuku kumtumia kuwa mbolea mashambani. Nawe mwanafunzi utapenda kujua kwamba mwaka 1670 koloni la Plymouth liliamuru mapato ya uvuvi wa Cape Cod, samaki huyu akiwamo, yatumiwe kugharimia shule isiyotoza karo. Na mwaka 1879 samaki wadogo 132 walisafirishwa kwa gari moshi kutoka New Jersey, wakavuka bara zima, wakatiwa katika maji ya San Francisco. Wengine wakafuata mwaka 1882. Kufikia mwaka 1899 wavuvi wa huko walikuwa wakipata zaidi ya ratili milioni moja kwa mwaka. Ndivyo azaavyo samaki apewapo nafasi.

Katika karne ya 20 walizidi watu waliomvua kwa ustadi zaidi kuliko kwa njaa, nao walitumia ndoana iliyovikwa manyoya. Sanaa hii ni ya kale. Mwandishi Aelian aliwaeleza Wamakedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya juu ya ndoana, yapata miaka 1,800 iliyopita. Lakini hao walivua mtoni. Siri ya uvuvi huu ni kwamba chambo hakina uzito wala hapana chubwi. Mshipi wenyewe ndio mzito, na mvuvi huurusha nyuma na mbele kwa ufito mrefu mpaka ufike atakapo. Kufanya hivyo baharini, penye upepo na mawimbi, kulidhaniwa kuwa kazi bure. Joe Brooks wa Maryland alikuwa mmoja wa walioonyesha kwamba yawezekana. Mwaka 1948, katika ghuba ya Coos, pwani ya magharibi, alimvua hivyo samaki wa milia wa zaidi ya ratili 29. Mwaka uliotangulia alikuwa amemfundisha kijana Bernard Kreh, naye Kreh, mwishoni mwa miaka ya 1950, akabuni chambo cha manyoya ya jogoo na nywele za mkia wa paa kwa ajili ya samaki wa Chesapeake. Chambo hicho kilichorwa juu ya stempu ya Marekani mwaka 1991.

Lakini ustadi huo ungefaa nini bila samaki? Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwaka 1973 wavuvi wa biashara wa pwani ile walipata karibu ratili milioni 15. Mwaka 1983 hazikufika hata milioni 4. Walikuwa wamevua kupita kiasi, na mayai na watoto wa samaki hawakusitawi mitoni. Basi tarehe 1 Januari 1985 Maryland ikakataza kabisa kumvua samaki huyo. Fikiri uchungu wa amri hiyo! Mvuvi wa anasa alikosa mchezo tu. Mvuvi wa riziki alikosa mkate wa watoto wake. Hata hivyo marufuku ilidumu karibu miaka sita. Mwaka 1990 uvuvi ulifunguliwa tena kwa vipimo, na mwaka 1995 ikatangazwa kwamba samaki wamerudi.

Je, hadithi ikaishia hapo? La. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba samaki wa milia walikuwa wamepungua tena, na masharti yakakazwa upya. Hapo ndipo lilipo funzo. Kuokoa mali ya bahari si kazi ya siku moja iishayo kwa sherehe. Ni ulinzi wa kila kizazi, na kila kizazi hulipa sehemu yake. Hapa Kenya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na hori la Mida limo katika ulinzi huo. Uendapo huko, watazame samaki wadogo wanaokimbilia mizizi ya mikoko. Hao ndio mbegu. Mkulima mwenye njaa aweza kula mbegu yake leo. Lakini mvua zitakaponyesha, atapanda nini?