Miti, Kamba na Kapi: Tarihi ya Chombo cha Kuinulia Mizigo katika Nchi ya Mkwajuni

Katika kazi zote za ujenzi hakuna iliyo nzito kupita kuinua, kwa maana tofali, boriti na zege hazimfai mjenzi kitu mpaka zifike mahali pake juu ya ukuta, na baina ya ardhi na mahali hapo ndipo nguvu za watu hupotea, migongo huumia, na siku nzima hupita bila ya kazi kuonekana. Wenyeji wa miji mikubwa, waliozoea kuona kreni ndefu zikizunguka juu ya maghorofa, hudhani kwamba kuinua ni kazi ya mitambo ya matajiri peke yao. Lakini tarihi ya nchi ya Mkwajuni, iliyo katika bonde la Songwe njia ya kuelekea Ziwa Rukwa, yatoa ushahidi mwingine. Huko chombo chepesi cha kuinulia, kifungwacho asubuhi na kufunguliwa jioni, kimekuwa mikononi mwa watu wa kawaida tangu zama za dhahabu ya Lupa, machimbo yaliyo katika nchi hiyo hiyo, nacho kiliendelea kuishi wakati mitambo mikubwa ilipong'olewa na wenyewe kuondoka.

Dhahabu ya Lupa ilianza kutafutwa kwa bidii katika miaka ya 1920, chini ya utawala wa Mwingereza, na hapo kwanza iliokotwa katika mchanga wa mito na vijito, kwa koleo na karai, bila ya haja ya kuinua kitu kizito. Mwezi wa Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu, bei ya madini hayo ikapanda, na kwa kuwa dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya biashara, watu wa mataifa mbalimbali walimiminika Chunya na viunga vyake wakitafuta riziki. Mchanga wa mito ulipopungua neema, wachimbaji walifuata mishipa ya mawe iingiayo ardhini, na hapo ndipo mambo yalipobadilika, maana jiwe lililo chini ya ardhi halina faida mpaka lipandishwe juu. Jirani na Mkwajuni, huko Saza, mgodi wa New Saza ulichimbwa tangu 1939 hadi 1956, ukahesabiwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu katika Tanganyika. Mgodi wa namna hiyo ulihitaji mitambo mizito ya kuvutia mawe, misingi imara ya kuishikilia, na mafundi wa kuitunza; na ulipofungwa, nguvu ile yote haikuwafaa tena majirani zake, kwa sababu mtambo uliojengewa mahali pamoja hufa pamoja na mahali pale.

Chombo cha mchimbaji mdogo kilikuwa na majaaliwa mengine. Mtu akisimama leo kwenye mdomo wa shimo la wachimbaji wadogo, ambalo wao huliita duara, huona miti miwili yenye panda imesimikwa ukingoni, huku na huku, na juu ya panda zile gogo lililochongwa likalainika, lenye mikono ya chuma au ya mti mgumu katika ncha zake. Kamba imezungushwa kwenye gogo, na mwisho wake umefungwa ndoo au kiroba kilichoshonwa maradufu. Watu wawili huzungusha, wa tatu hupokea mzigo na kuumwaga, na aliye chini hutoa ishara kwa kuitikisa kamba. Gogo lenye nusu kipenyo cha sentimita 7.5, likizungushwa kwa mkono wenye urefu wa sentimita 30, humpunguzia mtu uzito hata ukawa robo, ukiondoa msuguano. Hivyo kilo 40 za mawe huvutwa kwa nguvu ya kilo kumi na ziada kidogo. Mshipa wa dhahabu ukikoma, miti ile hung'olewa, kamba hukunjwa, na jamaa huchukua kila kitu mabegani wakaanze upya penginepo. Serikali ilipowaruhusu wachimbaji wadogo kuuza dhahabu yao kwa Benki Kuu, mwaka 1990, chombo hicho hakikuhitaji kununuliwa kutoka ng'ambo wala kusubiri mkopo, maana kila aliyejua kufunga kamba alikuwa na uwezo wa kukiunda.

Elimu hii si ya Mkwajuni peke yake, na ni haki ya wachimbaji wale kujua wana nasaba gani katika ufundi. Heron wa Iskanderia, mwanachuoni wa karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika kitabu juu ya kuinua vitu vizito, na asili yake ya Kiyunani imepotea isipokuwa vipande vichache. Kilichokisalimisha ni tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa na Qusta ibn Luqa, mtu wa Baalbek, katika karne ya tisa. Humo zimeelezwa winchi za mlingoti mmoja, za milingoti miwili, za mitatu na za minne. Na ile ya mlingoti mmoja, iliyoshikiliwa na kamba zilizofungwa pande zote, ndiyo babu wa kila chombo cha kuinulia kinachohama. Makapi yakiongezwa baina ya mzigo na mvutaji, nguvu ihitajiwayo hupungua na urefu wa kamba ivutwayo huongezeka kwa kadiri ile ile, kwa maana maumbile hayatoi sadaka: anayetaka kuvuta kwa robo ya nguvu sharti avute kamba mara nne.

Pwani yetu iliifahamu kanuni hiyo kwa njia ya bahari. Foromali ya jahazi, yaani mti ufungwao tanga, pamoja na tanga lenyewe, ni mzigo ambao mabaharia hawangeweza kuuinua kwa mikono mitupu, na kwa hiyo jarari na gofia, yaani kamba na kapi za kuuinulia, zimekuwa sehemu ya elimu ya kila nahodha tangu zamani sana. Hata hivyo wajenzi wa pwani hawakulazimika kuitwaa elimu ile ya mlingoti na kuipeleka ukutani, kwa kuwa majumba na misikiti ya Kilwa na Unguja ilijengwa kwa matumbawe yaliyopasuliwa vipande vya kubebwa na mtu mmoja, na dari zake zililazwa juu ya boriti za mikoko zilizokuwa na urefu wa kadiri. Fundi aliyechagua vitu vidogo alijiepusha na taabu ya kuinua vikubwa, na uchaguzi huo wahesabiwa kuwa ni hekima.

Hekima kama hiyo yaonekana pia katika Mkoa wa Songwe wenyewe, huko Ndolezi, kilipo kimondo cha Mbozi. Wanyiha walikuwa wakikijua kabla ya habari zake kuenea duniani mwaka 1930, na wataalamu hukadiria uzito wake kuwa tani 12 au zaidi, nacho ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Wale waliotaka kionekane chote hawakukiinua. Walichimba udongo wa pembeni, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, kisha nguzo ile ikageuzwa kuwa kitako cha zege. Palipokosekana chombo cha kuinua mzigo, ardhi ndiyo iliyoshushwa. Lakini miaka isiyozidi hamsini baadaye, mwaka 1973, reli ya TAZARA ilipofika Tunduma na kuvuka mpaka wa Zambia, wenyeji wa nchi ile ile waliona jambo jipya: chombo cha kuinulia kilichotembea pamoja na kazi, kikitandika reli mbele yake na kusonga juu ya reli kiliyoitandika chenyewe.

Katika ulimwengu wa nje fikira ya kuinua kwa chombo chepesi ilipita katika hatua mbili zinazostahili kutajwa. Mwaka 1854 Mwingereza Thomas Aldridge Weston alibuni kapi la mnyororo lenye roda mbili zilizoshikana, moja ikiwa kubwa kuliko mwenziwe kwa kiasi kidogo tu, na kwa tofauti ile ndogo mtu mmoja aliweza kuinua mzigo uliowashinda wengi. Na zaidi ya hayo, mzigo haukuanguka mkono ulipoachia, kwa sababu msuguano uliuzuia. Cheni bloku zinazotundikwa leo kwenye mabomba matatu katika gereji zetu kwa kutolea injini za magari, ingawa nyingi hutumia gia, ni warithi wa fikira hiyo. Hatua ya pili ilitokea Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili, miji ilipokuwa magofu na mafundi wakiwa wachache. Hans Liebherr, mjenzi wa Kirchdorf, mwaka 1949 aliunda kreni ya mnara aliyoiita TK 10, iliyochukulika kwa gari hadi uwanja wa kazi na kusimamishwa hapo kwa urahisi. Na kwa chombo hicho alionyesha kwamba mjenzi wa kawaida aweza kuwa na winchi yake, akahama nayo kutoka nyumba hadi nyumba.

Haja iliyomsukuma Liebherr ndiyo iliyopo Mkwajuni sasa. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Mkwajuni ikawa makao ya Wilaya ya Songwe, na makao ya wilaya hayawezi kukaa bila ya ofisi, hospitali, shule, nyumba za watumishi na maduka ya wafanyabiashara wanaoufuata umma. Nyumba ya ghorofa moja, yenye sakafu ya juu ya mita 10 kwa 10 na unene wa sentimita 15, hutaka mita za ujazo 15 za zege, yaani uzito wa tani 36 hivi; na zege hilo likipandishwa kwa ndoo za lita 20, ni ndoo 750, kila moja ikiwa na kilo 48. Mafundi husema zege halilali, na kweli halilali, kwa kuwa likianza kuganda halirudi. Kwa hiyo vijana hupangwa juu ya ngazi za miti tangu alfajiri, wakipokezana makarai chini ya jua la bonde la Rukwa, na mtu mmoja akiteleza huwaangusha walio chini yake. Ajabu iliyopo ni kwamba vijana hao hao, kwa siku nyingine, huenda machimboni na kuinua mizigo kwa gogo na kamba, ilhali katika ujenzi huinua kwa vichwa vyao.

Atakaye kubuni chombo cha kuwafaa, na aanze kwa kuisoma tarihi hii, maana yatoa masharti yote anayoyahitaji. Sharti la kwanza ni kuchukulika: mlingoti uwe wa mabomba ya chuma yanayoingiana na kufungwa kwa pini, na kipande chochote kisiwashinde watu wawili, ili chombo chote kikae katika pikapu moja na kusimamishwa bila ya kreni nyingine. Sharti la pili lahusu uzito wa kuzuia chombo kisipinduke. Mzigo wa kilo 100 ukining'inia mita 1.5 mbele ya kitako, watakiwa uzito wa kilo 200 nyuma yake kwa umbali wa sentimita 75 ili mizani isimame sawa, na fundi mwenye hadhari huongeza mara mbili. Lakini kilo hizo 400 hazina haja ya kusafirishwa, kwa kuwa mchanga upo kila panapojengwa, na kitako chaweza kufanywa sanduku tupu la kujazwa viroba vya mchanga kazi ianzapo na kumwagwa imalizikapo.

Sharti la tatu ni zito kuliko yote, nalo ni breki. Winchi ya gogo ya machimboni ina aibu moja ambayo haiwezi kufichwa kwa sifa zake nyingi: mkono ukiponyoka, gogo huzunguka kwa kasi, mikono yake ya chuma huwapiga wazungushaji, na ndoo yenye mawe huwaangukia walio shimoni. Gurudumu la meno lenye kabari ya kuliruhusu lizunguke upande mmoja tu, pamoja na breki ya kushushia mzigo taratibu, ni vitu ambavyo fundi wa kuchomea vyuma aweza kuviunda au kuvitoa katika mashine chakavu, na chombo kisichokuwa navyo kisiruhusiwe kusimama juu ya vichwa vya watu. Sharti la nne ni kwamba kila kiungo chake kipatikane Tunduma au Mbeya, kwa maana chombo kinachosubiri kipuri kutoka ng'ambo hugeuka chuma chakavu mara tu kinapoharibika.

Nchi yetu haikosi vyombo vya elimu vya kuifanya kazi hii. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo; TEMDO ya Arusha iliundwa mwaka 1980 kwa ajili ya usanifu wa mitambo; VETA hufundisha vijana kuchomea na kufunga mashine; na karibu zaidi na Mkwajuni kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986. Nasaha yangu kwa wakuu wa vyuo hivyo ni kwamba, kabla ya kuchora mstari wa kwanza, wawapeleke wanafunzi wao kwenye mashimo ya dhahabu ya Wilaya ya Songwe, wakae na wazungushaji wa magogo, wajue mkono huchoka wapi, kamba hukatika wapi, na ajali hutokea kwa sababu gani; na nasaha yangu kwa halmashauri ni kwamba, katika kila mkataba wa jengo la serikali, waweke sharti la mkandarasi kupandisha zege kwa chombo chenye breki badala ya kwa vichwa vya vijana. Elimu ya kuinua tunayo, vyuma tunavyo, na mafundi tunao. Wanaodai chombo hiki ni watu ambao migongo yao ndiyo inayoujenga mji wa Mkwajuni, na haki yao isicheleweshwe.