Seva ya VPN ya kampuni

Seva ya VPN ya kampuni ni kompyuta inayosimamiwa na kampuni yenyewe ili kuunganisha matawi na wafanyakazi wake kwa njia iliyosimbwa ndani ya intaneti ya kawaida. Programu zinazotumika sana ni OpenVPN, iliyotolewa mwaka 2001, na WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.6 mwaka 2020. Fundi husakinisha programu, huunda jozi ya funguo kwa kila kifaa, hugawa anwani za ndani na kufungua mlango mmoja wa mtandao. Kwa WireGuard mlango huo kwa kawaida ni UDP 51820.

Seva huhitaji anwani ya IP ya umma. Duka la Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lenye tawi Beni au Kayna, likitegemea intaneti ya simu ambamo wateja wengi hutumia anwani moja kwa pamoja, linaweza kukodi seva katika kituo cha data cha mbali, ambako haizimiki umeme unapokatika dukani. Seva iliyo nje ya nchi huweza pia kuwasaidia watumiaji kupita vizuizi vya tovuti, kama vile vya X na TikTok nchini Kongo mwaka 2025. Haifai kitu intaneti inapozimwa kabisa, kama ilivyotokea nchini humo kuanzia 31 Desemba 2018 hadi Januari 2019.