Barua taka: toka Arpanet hadi « mjane wa Mobutu »

Tarehe 3 mwezi wa tano mwaka 1978, Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya Marekani ya DEC, alituma tangazo la kompyuta kwa watu karibu 400 kwa mara moja, kupitia mtandao wa Arpanet. Hakuna aliyemuomba. Wengi walikasirika, ila yeye amekuwa akisema kwamba kompyuta ziliuzwa vizuri. Historia ya barua taka huanzia hapo.

Kwa Wakongomani, jambo hili lina sura nyingine. Mobutu Sese Seko alikimbia Kinshasa mwezi wa tano 1997, akafariki Rabat, huko Morocco, mwezi wa tisa. Baadaye barua zikasambaa duniani: mwandishi anajidai mjane au mtoto wa marehemu, ana mamilioni ya dola yaliyofichwa, anatafuta mtu mwaminifu wa kumsaidia kuyatoa. Kwanza itumwe pesa kidogo ya karatasi! Udanganyifu huo Wanijeria wanauita 419, kufuatana na kifungu cha sheria yao ya jinai.

Vichujio vya zamani vilifuata orodha ya maneno. Mdanganyifu alibadilisha herufi moja, akapita; mfanyabiashara wa kweli aliyeandika « dola » na « benki » angeweza kuzuiliwa.

Mwezi wa nane 2002, mtaalamu wa programu Paul Graham alieneza njia ambayo watafiti walikuwa wameshaijaribu mwaka 1998. Inategemea hesabu ya Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza wa karne ya 18. Mwenye sanduku anatenga barua mafungu mawili, nzuri na taka. Graham alikuwa na karibu 4.000 kila upande. Programu inaangalia kila neno linapatikana wapi zaidi. Barua mpya ikifika, inapima maneno 15 yanayoonyesha zaidi. Maneno ya barua nzuri Graham aliyahesabu mara mbili, maana kupoteza barua ya kweli ni hasara kuliko kusoma uongo mmoja.

Kwa mtu wa Ulaya aliyeijua Kongo kupitia « mjane » peke yake, jina la inchi yetu linaweza kuhesabiwa kuwa taka. Kwa mwenye ndugu Bukavu, jina hilohilo linaokoa barua. Akiikuta ya ndugu yake kwenye fungu la taka, anairudisha upande wa nzuri, na hesabu inabadilika.