Mwasho wa uke usiosikia dawa ya fangasi

MWANAMKE wa kisiwani Wasini anayetaka kuonwa katika hospitali ya rufaa huvuka kwa mashua hadi Shimoni, kisha hushika barabara kuelekea Msambweni. Safari hiyo ina nauli, na ina maelezo ya kutolewa nyumbani kuhusu maradhi ya sehemu za siri. Si ajabu kwamba wengine hununua dawa ya fangasi dukani, mara ya kwanza na ya tatu, na mwasho ukarudi.

Mwasho wa aina hiyo huenda usiwe wa fangasi wala wa zinaa, bali ni ngozi ya nje ya uke yenyewe iliyougua. Ugonjwa unaofaa kujulikana zaidi ni likeni sklerosasi. Ngozi hugeuka nyeupe na nyembamba, hupasuka kwa urahisi, na mwasho huzidi usiku. Usipotibiwa, midomo midogo ya uke hunywea na kushikana, na tendo la ndoa likawa adhabu. Huwapata zaidi waliokoma hedhi, na pia wasichana ambao hawajavunja ungo. Hauambukizi, kwa hivyo hakuna mume wa kushukiwa. Kwa mtoto, madoa ya damu chini ya ngozi yanaweza kudhaniwa kuwa ya unajisi. Mganga hana budi kuyachunguza yote mawili.

Likeni plana huchubua ngozi, na huweza kuingia ndani ya uke na kinywani. Ukurutu nao huletwa na sabuni kali, dawa za kuua viini au manukato. Wasini haina mto, lakini aliyekulia bara ya Kwale akioga na kufua mitoni aulizwe pia kuhusu kichocho, ambacho hudhuru uke na kina dawa yake.

Utambuzi ni wa macho kwanza: bila kuangaliwa mahali penye mwanga, dawa ni ya kubahatisha. Penye shaka, kipande kidogo cha ngozi hukatwa na kupimwa maabara.

Tiba ya likeni sklerosasi ni marhamu ya klobetasoli ya asilimia 0.05: kila usiku mwezi wa kwanza, kila baada ya siku moja mwezi wa pili, na mara mbili kwa wiki mwezi wa tatu. Kipimo ni cha ncha ya kidole, na tyubu ya gramu 30 hutosha miezi hiyo mitatu. Dawa hii imeharibiwa jina na wapakaji mkorogo, na karatasi ya ndani ya paketi huonya isipakwe sehemu za siri. Wagonjwa wengi huiacha hapo, ilhali kwa maagizo ya daktari ndiyo inayookoa ngozi. Sabuni iwekwe kando, maji matupu yatosha, na mafuta ya mgando yasiyo na manukato hupunguza mkwaruzo.

Ugonjwa hutulizwa, haung'olewi. Wanawake wachache, chini ya asilimia 5, hupata saratani hapo baadaye, ndiyo maana hutakiwa kuchunguzwa mara kwa mara. Anayeona kinundu au kidonda kisichopona arudi hospitalini, hata kama tarehe ya kliniki haijafika.